UZI MREFU: Niliyoyaona Kumbh Mela ya Prayagraj, na wale wazee ambao picha haziwaonyeshi

MLETA UZI:

Wakuu, habari za muda huu.

Kila msimu wa Kumbh Mela, ile sherehe kubwa ya Wahindu ya kuoga mtoni kule India, ukifika, humu jukwaani zinarushwa picha zilezile: mwanamume mwenye nywele zilizosokotana hadi kiunoni, mwili mzima majivu, hana nguo, mkononi ameshika mkuki wa ncha tatu. Chini yake maoni ni kejeli tupu. Wakati wa Maha Kumbh ya 2025 nilikuwa nasoma Lucknow, na kutoka Lucknow hadi Prayagraj ni kilomita kama 200 tu, nikaenda. Naandika kwa sababu wale wa kwenye picha ni wachache mno ukilinganisha na umati wenyewe. Waliojaza ule mchanga ni bibi na babu wa vijijini, kutoka Bihar, Uttar Pradesh na Madhya Pradesh, wametembea na mizigo kichwani: unga, mchele, blanketi, sufuria. Hao ndio wenye Kumbh, na hao ndio nataka tuwazungumzie.

Nitaleta kwa vipande, mnivumilie.

Prayagraj ni mji ambao wengi tuliusikia kwa jina la Allahabad. Jina lilibadilishwa 2018. Hapo ndipo Mto Yamuna unapoingia kwenye Mto Ganga (Ganges). Penye makutano panaitwa Sangam. Wahindu wanaamini upo na mto wa tatu, Saraswati, usioonekana kwa macho, nao unaungana hapohapo. Ukikodi mtumbwi hadi katikati, unauona mpaka wa maji waziwazi. Upande wa Ganga maji yana rangi ya udongo, hayana kina, yanakwenda mbio. Upande wa Yamuna ni ya kijani, kina kirefu, yametulia. Ukingoni imesimama ngome ya mfalme Akbar wa dola ya Mughal, iliyoanza kujengwa 1583.

Sasa jambo lililonishangaza kuliko yote: ule mji wa mahema haupo mwaka mzima, na hata ardhi yake haipo. Mvua za masika ya kule, Julai hadi Septemba, zinaleta mafuriko na eneo lote linakuwa mto. Maji yanapopungua kuanzia Oktoba, mchanga unajitokeza, na ndipo mafundi wanaingia. Kwa 2025 walijenga kwenye hekta zipatazo 4,000, wakazigawa sekta 25, wakavusha mto kwa madaraja 30 yanayoelea juu ya mapipa makubwa ya chuma, wakaweka vyoo karibu 150,000, nguzo za umeme, mabomba ya maji, hospitali na vituo vya polisi. Serikali ya jimbo ikautangaza kuwa wilaya kamili ya muda, Maha Kumbh Nagar. Sherehe ikiisha kila kitu kinang'olewa, na mvua zikirudi mto unachukua mahali pake.

Barabara zake ni mabamba ya chuma yaliyolazwa juu ya mchanga, moja baada ya jingine. Gari likipita yanalia kama bati linalogongwa. Usiku magari mengi yamezuiwa na kinachosikika ni miguu ya watu, maelfu kwa maelfu, inapita juu ya chuma hadi kunakucha. Mimi nililala kwenye hema la bure la mahujaji, juu ya nyasi za mpunga na blanketi moja, na huo mlio wa miguu haukukatika hata kidogo.

MCHANGIAJI (Dodoma):

Mkuu endelea. Ila kabla hujaenda mbali, tueleze wanafuata nini hasa. Kuoga tu mtoni?

MLETA UZI:

Ndiyo, kuoga ndiyo nguzo. Mwenye imani anasema kuzamia kwenye Sangam siku zile kunamwosha dhambi na kumsogeza kwenye kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Kuanzia alfajiri unaona familia nzima zimeshikana mikono, wanaingia, wanazama mara 3, wanachota maji kwa viganja na kuyamimina wakilielekea jua. Kila upande unasikia “Har Har Gange!” na “Har Har Mahadev!”

Asili yake inasimuliwa hivi. Miungu na mapepo yao, deva na asura, waliikoroga bahari ya maziwa kutafuta amrita, kinywaji cha kutokufa. Mlima Mandara ukawa mchapo wa kukorogea, joka Vasuki akawa kamba, wakavuta huku na huku. Mtungi wa amrita ulipotokea, pakazuka vita vya siku 12, na siku moja ya miungu ni mwaka mmoja wa binadamu. Katika purukushani hizo matone yakaanguka mahali pane duniani: Prayagraj, Haridwar kwenye Ganga pia, Ujjain kwenye Mto Shipra, na Nashik kwenye Mto Godavari. Ndiyo maana Kumbh inazunguka sehemu hizo nne, na kila moja inapata zamu yake baada ya miaka kama 12.

Nasema “kama” kwa makusudi. Ratiba inafuata sayari ya Jupita, pamoja na jua na mwezi, na Jupita inalizunguka jua kwa miaka 11 na miezi zaidi ya 10, haitimizi 12. Kwa hiyo mara mojamoja Kumbh inawahi. Haridwar ilifanyika 2010 kisha ikaja 2021, miaka 11 tu, na kwa bahati mbaya ikaangukia katikati ya Korona.

Nje ya hizo, Prayagraj ina Magh Mela kila mwaka, ndogo kwa kipimo chao, bado ni mamilioni ya watu. Na miaka 6 baada ya Kumbh kamili kuna Ardh Kumbh.

MCHANGIAJI (Mombasa):

Na zile hesabu za watu milioni mia sita na kitu, wewe uliyekuwa huko unaziamini? Hapa Mombasa watu wanasema hao ni nusu ya India.

MLETA UZI:

Serikali ya jimbo la Uttar Pradesh ilitangaza zaidi ya milioni 660 kwa siku 45, kuanzia Januari 13 hadi Februari 26. Ni makadirio, yanajumlishwa siku hadi siku kwa msaada wa kamera na hesabu za watu wanaopita. Sina uwezo wa kuyathibitisha wala kuyakanusha. Ninachoweza kusema ni kwamba nimesimama juu ya daraja la mapipa nikatazama pande zote mbili na sikuona mwisho wa vichwa. Kwa kulinganisha, Kumbh ya hapohapo 2013 ilikadiriwa watu milioni 120, na Hijja ya Makka kwa kawaida inapokea milioni 2 hivi. UNESCO iliiingiza Kumbh kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017.

Lakini tukishikilia namba tunawapoteza watu. Naomba niwaeleze hao wazee sasa.

Wanaitwa Kalpvasi. Katika mwezi wa Magha wa kalenda yao, mzee anaweka nadhiri ya kukaa kando ya mto mwezi mzima. Haji siku moja akaoga akaondoka. Anahama kijijini kwake na mkewe, wakati mwingine na mjukuu mmoja wa kuwasaidia, wanaingia kwenye hema. Wanaamka kabla ya jua na kwenda majini, na Januari ya kule ni baridi kali yenye ukungu mzito, pumzi inatoka moshi. Wanakula mara moja kwa siku, chakula walichopika wenyewe, bila nyama, wengi hata kitunguu na kitunguu saumu hawagusi. Wanalala chini. Mchana wanasikiliza masimulizi ya dini. Mlangoni mwa hema wanapanda mche wa tulsi, ambao ni jamii ya mrehani wetu, na pembeni wanaotesha shayiri. Wengi wanakuwa wamejiwekea nadhiri ya kurudi miaka 12 mfululizo. Taarifa za serikali zilikuwa zikiwataja Kalpvasi wapatao milioni 1 kila siku.

Hao hawapigwi picha. Hawana cha kumshangaza mtu.

Hema tulilopakana nalo lilikuwa la bibi mmoja na mumewe, wakulima kutoka Bihar. Kihindi changu ni cha darasani, cha bibi ni lahaja ya kijijini, mjukuu wao ndiye aliyekuwa anatuunganisha. Alinipa khichdi, wali uliopikwa pamoja na dengu, bila nyanya wala viungo vingi, juu yake ametia samli. Kwanza alihakikisha nimenawa mikono. Kisha akauliza kwetu kuna mto gani. Nikamtajia Rufiji. Akauliza kama na wenyewe ni mama. Nilimjibu kwamba unalisha watu wengi, mpunga na samaki, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema basi ni mama.

Nilimwamkia kwa kugusa miguu yake wakati wa kuondoka, kama wafanyavyo vijana wa kule, akaniwekea mkono kichwani. Sijui niwaelezeje nilivyojisikia. Nina bibi yangu Kilwa, na mkono ulikuwa mmoja.

MCHANGIAJI (Tanga):

Samahani mkuu, nakuuliza kwa heshima. Kwa maelezo yako ya nyuma humu wewe ni Mwislamu. Uliingia majini? Maana hapo kuna suala la shirki.

MLETA UZI:

Swali halali kabisa, ndugu yangu, na wala sijakasirika. Ni Mwislamu na niliswali swala zangu palepale hemani, wenyeji wangu wakanionyesha upande wa magharibi bila mimi kuuliza. Sikuoga kwa ibada. Nilishuka hadi magotini, nikamshika mkono mumewe yule bibi asiteleze, kwa sababu ukingo ulikuwa na utelezi na mjukuu alikuwa upande wa pili. Nilikwenda kama mgeni na nikakaa kama mgeni.

Na naomba niliseme hili kwa uzito. Usiku ule wa maafa nitakaoueleza hapo chini, maelfu ya mahujaji walikwama mjini bila pa kulala, na Waislamu wa Prayagraj waliwafungulia misikiti na nyumba, wakawapa chakula na blanketi. Iliripotiwa kwenye magazeti ya India. Haikupata hata robo ya usambazaji wa zile picha za majivu.

MCHANGIAJI (Upanga, Dar):

Namaste wote. Mimi ni Mhindu, mzaliwa wa Dar, asili yetu Kutch, Gujarat. Nimesoma uzi huu hadi machozi. Naongeza kidogo kutoka upande wetu.

Familia nyingi za Kihindu hapa Dar, Zanzibar, Mombasa na Nairobi zikifiwa, mwili unachomwa na majivu mengine yanamwagwa baharini hapahapa. Lakini kuna wanaotunza sehemu na kuipeleka India ikipatikana nafasi, kwenye Ganga au mto mwingine mtakatifu. Majivu ya bibi yangu sisi tuliyapeleka Haridwar. Kule kuna makuhani wa ukoo, kazi yao inarithiwa baba kwa mwana, na wanatunza madaftari marefu ya kukunja ya familia zilizowahi kufika. Unataja kijiji cha asili na jina la ukoo, wanakuelekeza kwa kuhani anayeshika watu wa kijiji chenu. Alifunua daftari letu akatusomea majina. Babu mzaa babu alikuwa ameandika mwenyewe kwa Kigujarati na kutia saini, kabla hajapanda jahazi kuja Zanzibar. Baba yangu alikuwa hajawahi kuona mwandiko wake. Tukaongeza majina yetu, na mahali tunapoishi tukaandika Dar es Salaam.

Pia nisisitize, si kila Mhindu anakwenda Kumbh. Mama yangu ana miaka zaidi ya 70 na hajawahi kwenda, na hajioni amepungukiwa imani.

MLETA UZI:

Asante sana ndugu. Prayagraj nako makuhani hao wapo, wanaitwa Prayagwal. Kila mmoja ana bendera yake juu ya mlingoti mrefu yenye alama anayoijua mteja wake, ili mzee asiyesoma aione kwa mbali na kuifuata katikati ya umati.

Hili la kupotea ni kubwa, na ndilo lililonigusa kuliko maandamano yote. Watu wanafunga pembe za nguo zao pamoja, wanawake wanafungana ncha za sari, mzee wa mbele anashika fimbo yenye kitambaa chekundu au chupa ya plastiki juu yake, nyuma kijiji kizima kinamfuata. Na bado wanapotea kwa maelfu. Tangu 1946 kuna kambi ya waliopotea, Bhule Bhatke Shivir, iliyoanzishwa na kijana wa wakati ule, Raja Ram Tiwari. Alianza na tangazo la mdomo, anatembea akipaza sauti. Aliifanya kazi hiyo bila malipo maisha yake yote hadi alipofariki 2016, na familia yake inaendelea. Mwaka 2025 serikali nayo iliweka vituo vya kompyuta vyenye skrini za picha za waliopotea, na vimesaidia. Lakini kijijini wengi hawana simu wala hawakumbuki namba, wanachojua ni kijiji na sauti ya mtu wao.

Vipaza sauti vimefungwa kwenye nguzo eneo zima. Aliyepotea anasogezwa kwenye kipaza na anasema mwenyewe. Nilisimama nje ya kambi hiyo jioni nzima. Kuna mama alikuwa anamwita mumewe, na kwa desturi yao mke wa kijijini hatamki jina la mume. Mwenye kipaza anamwambia taja jina, yeye anasema “baba yake fulani, niko hapa, njoo unichukue”. Jina la mtoto tu na jina la kijiji. Waswahili hilo hatuhitaji kufafanuliwa, nusu ya mitaa yetu ni Baba Asha na Mama Juma. Alirudia hadi sauti ikakauka. Yule mzee alikuja baadaye, amevua viatu, ameloa hadi kiunoni, hakusema neno. Alikaa chini mbele yake na wote wawili wakalia.

MCHANGIAJI (Nairobi):

Nimefuatilia habari za mkanyagano. Ulikuwepo? Na kwa nini hutokea kila mara?

MLETA UZI:

Nilikuwa ndani ya eneo lakini mbali na pale, sekta nyingine. Nitaeleza kilichothibitishwa.

Siku kuu ya zote ni Mauni Amavasya, siku ya giza ambayo mwezi hauonekani kabisa, na 2025 iliangukia Januari 29. Watu wanataka kuoga kwenye makutano yenyewe, pale pembeni panapoitwa ncha ya Sangam, na wanataka saa yenyewe. Basi maelfu walikuja usiku mapema na kulala chini ukingoni wakisubiri. Kati ya saa saba na saa nane za usiku umati wa nyuma ulizidi kusukuma, vizuizi vikavunjika, watu wakaanguka juu ya waliolala. Polisi walitangaza vifo 30 na majeruhi 60, na tangazo hilo lilichukua saa nyingi kutoka. Uchunguzi wa BBC uliotoka Juni 2025 ulihesabu vifo visivyopungua 82. Akhara, yaani vyama vya watawa wa Kihindu, ziliahirisha kuoga kwao asubuhi, wakaoga mchana. Februari 15 wengine 18 walikufa kwenye stesheni ya treni ya New Delhi, wakigombea treni za kuja Prayagraj.

Hayakuanza 2025. Kumbh ya Prayagraj ya 1954, ya kwanza mjini hapo baada ya uhuru wa India, iliua mamia. Nashik 2003 walikufa 39. Mwaka 2013 watu 36 walikufa kwenye stesheni ya Prayagraj yenyewe.

Kwa nini? Kwa nilivyoona, matatizo mawili. La kwanza, watu wote wanataka hatua zilezile chache za ukingo wakati kilomita nyingi za mto ziko wazi. Polisi walikuwa wanapiga kelele kwenye vipaza, ogeni hapo mlipo, maji ni yaleyale. Mzee aliyejiwekea akiba miaka kuja kuoga Sangam hawezi kukubali hilo kirahisi. La pili, na hapa nina uchungu, njia nyingi na madaraja mengi ya mapipa yalifungwa kwa umma wa kawaida huku misafara ya wakubwa ikipitishwa. Watu walilalamika wazi kwenye televisheni, na baada ya vifo serikali ikafuta pasi za magari ya wakubwa. Ilipaswa kufutwa kabla. Waliokufa ni walewale wa mizigo kichwani, waliotembea kilomita nyingi kwa miguu.

Wenye kumbukumbu ya mkanyagano wa Hijja kule Mina 2015 mnaelewa. Saudia walikuwa wameshajenga daraja la Jamarat la ghorofa kadhaa, na bado kwenye njia ya kuliendea watu walikufa kwa mamia kwa mamia. Umati hauhitaji mtu mbaya. Mwili mmoja ukianguka na wa nyuma asipojua, imekwisha.

MCHANGIAJI (Mwanza):

Na uchafu wa maji? Nimeona ripoti.

MLETA UZI:

Ripoti ipo. Bodi Kuu ya India ya kudhibiti uchafuzi iliieleza mahakama ya mazingira Februari 2025 kuwa sehemu kadhaa za mto bakteria wa kinyesi walizidi kiwango cha kuogea, ambacho ni 2,500 kwa mililita 100. Serikali ya jimbo ilipinga na kusema maji yanafaa. Historia nayo ina onyo lake: Kumbh ya Haridwar 1867 ilifuatiwa na kipindupindu kilichosambaa na mahujaji waliokuwa wanarudi makwao. Ushauri wangu kwa mgeni: usiyanywe, usiyasukutue, na kama una kidonda usiingie. Waumini wanayanywa na wanajaza madumu kupeleka nyumbani, hilo ni lao na sikumwambia mtu neno.

MCHANGIAJI (Arusha):

Haya mkuu, pamoja na yote, tueleze na wale wa majivu. Ni akina nani?

MLETA UZI:

Naga sadhu. Ni watawa walioacha familia, mali na jina. Kabla ya kupokelewa mtu anafanyiwa ibada za mazishi yake mwenyewe akiwa hai, na majivu mwilini yana maana hiyohiyo. Wako chini ya akhara, vyama vya watawa, ambavyo ni 13: vya wafuasi wa mungu Shiva 7, wa mungu Vishnu 3, na 3 vya madhehebu ya Udasin na Nirmala. Kikubwa zaidi ni Juna Akhara. Zamani walikuwa na silaha na walipigana kweli. Haridwar mwaka 1760 akhara ziliuana kwa ajili ya zamu ya kuoga. Ndiyo maana leo nani anatangulia na saa ngapi imepangwa kwa maandishi na hakuna anayeruka.

Nimewaona wakiingia majini alfajiri ya Basant Panchami, siku nyingine kuu ya kuoga, Februari 3. Farasi, ngoma, maua ya rangi ya machungwa kila mahali, wanakimbia wakipiga kelele za furaha kama watoto wa shule walioachiliwa. Baada yao umati unakimbilia kuchukua mchanga walioukanyaga. Ipo pia Kinnar Akhara, iliyoanzishwa 2015 na hijra, watu wa jinsia ya tatu ambao jamii ya India imewatenga muda mrefu. Foleni ya watu wanaotaka baraka zao ilikuwa ndefu kuliko nyingi.

Wanavutia, sikatai. Mimi nilikaa nao muda mfupi nikarudi kwa wazee wangu. Baada ya kuoga wanawake wawili wanashika sari iliyoloa, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile, wanasimama upepo uikaushe. Mita 5 za kitambaa cha njano kinapepea, wao wanapiga soga za kijijini. Geuza uso upande wowote wa ukingo, unaona sari zimetandazwa hewani, mamia. Kwangu hiyo ndiyo Kumbh.

MCHANGIAJI (Kampala):

Nimeshawishika. Nikitaka kwenda, lini na wapi? Gharama?

MLETA UZI:

Prayagraj Kumbh kamili ni 2037, lakini Magh Mela ni kila Januari na Februari na utawakuta Kalpvasi walewale, kwa nafasi ya kutosha. Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza ningependekeza hiyo. Haridwar wana Ardh Kumbh 2027. Nashik zamu yao kubwa ya kuoga ni Agosti na Septemba 2027, na Ujjain ni 2028 wakati wa joto kali, Aprili na Mei.

Kwa watu wa Afrika Mashariki Nashik ndiyo rahisi kuifikia. Kutoka Dar na Nairobi kuna ndege za moja kwa moja hadi Mumbai, na Mumbai hadi Nashik ni kama kilomita 170, treni au basi. Ujue ni msimu wa mvua kule, beba viatu vya kuloa. Kuoga kunafanyika sehemu mbili: Ramkund ndani ya Nashik kwa akhara za Vishnu, na Trimbakeshwar, kilomita kama 30 nje ya mji, kwa akhara za Shiva. Ramkund ni bwawa dogo la ngazi za mawe katikati ya mji wa zamani, vichochoro ni vyembamba, kwa hiyo siku kuu zenyewe ziepuke. Nenda siku mbili tatu kabla au baada.

Viza ya India inaombwa mtandaoni. Kadi ya homa ya manjano usiiache, wewe wa Uganda hasa, na wa Kenya na Kongo pia. Ukifika bila hiyo wanaweza kukuweka karantini hadi siku 6. Kulala kuna mahema ya kifahari ya bei mbaya na kuna kambi za bure za mashirika ya dini. Chakula hutalipa ukitaka, vikundi vya kujitolea vinapika na kugawa kutwa nzima kwa yeyote anayeketi kwenye mstari, hakuna anayekuuliza dini wala taifa. Mtumbwi patana bei kabla hujapanda, na vaa jaketi la kuokolea hata kama wenzako hawavai. Mpiga picha uombe ruhusa kwanza, na wanawake wanaooga usiwapige kabisa.

Mwenye swali la treni aniulize hapahapa, nitamjibu kesho nikitoka kazini.